Magari ya umeme yasiyo na grili: yamekosa uso, au macho yetu bado hayajayazoea?

Msafiri_Mwangalifu aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitafuta gari la umeme la kununua. Nilikuwa nimejiandaa kuumiza kichwa kuhusu ukubwa wa betri na muda wa kuchaji, na sikutarajia kamwe kwamba kitakachonikwamisha kingekuwa sura ya mbele ya gari.

Wiki iliyopita nilikwenda na mke wangu kutazama magari mawili yaliyokuwa yameegeshwa bega kwa bega. La kwanza lilikuwa na pua tupu kabisa: kutoka kwenye boneti hadi kwenye bampa ni bati moja lililopakwa rangi, taa mbili nyembamba pembeni na nembo katikati. Nilipitisha kiganja mahali ambapo grili, yaani ule wavu wa mbele unaoingiza hewa, ingekuwa, nacho kikateleza bila kukwama popote, kama ninavyofuta mlango wa jokofu. La pili lilikuwa na kitu kinachofanana na grili, vijisanduku vyeusi vilivyopangwa kama sega la nyuki, lakini nilipojaribu kuingiza ukucha nikagundua kwamba hakuna tundu hata moja. Ilikuwa plastiki iliyofinyangwa ili ionekane kama wavu. Mke wangu alisema kwamba la kwanza ni kama mtu aliyezaliwa bila mdomo, na la pili ni kama mtu aliyechorewa mdomo kwa makaa. Tangu siku hiyo maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Naomba mnisaidie, hasa ninyi mnaoyajua magari haya kwa karibu. Je, grili imeondolewa kwa sababu za kiufundi zinazoeleweka, au ni mtindo tu ambao baada ya miaka mitano utaonekana umepitwa na wakati? Na ninyi wenyewe mnaionaje pua tupu: ni nzuri, ni mbaya, au ni jambo ambalo jicho hulizoea?

Fundi_Bodi alijibu:

Bwana Msafiri, kazi yangu ni kunyoosha bodi na kubadilisha bampa, kwa hiyo sura hizo unazozizungumzia mimi hukutana nazo zikiwa zimefunguliwa na kulazwa sakafuni.

Tuanze na kazi ya grili. Injini ya petroli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na inayobaki huwa joto. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi, na sehemu nyingine lazima ibebwe na maji hadi kwenye rejeta na kupozwa na upepo, la sivyo injini itachemka. Ndiyo maana mbele ya gari la petroli lazima pawe na mlango mkubwa wa hewa. Mota ya umeme hugeuza takriban asilimia 90 ya nishati inayopewa kuwa mwendo, kwa hiyo joto la kuondoa ni dogo sana likilinganishwa na lile la injini, na mlango mkubwa hauhitajiki. Isitoshe, hewa inayoingia kwenye grili na kugonga rejeta hulivuta gari nyuma. Ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu ya upepo inayolipinga gari huongezeka mara nne, na kila upungufu wa ukinzani huo huonekana kwenye umbali utakaosafiri kabla ya kuchaji tena.

Hata hivyo, usidhani kwamba gari la umeme halipumui. Ukichuchumaa mbele ya lile lenye pua tupu, kuna uwezekano mkubwa utaona mwanya mrefu chini ya bampa. Nyuma ya mwanya huo mara nyingi kuna vibao vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe, kisha kondensa ya kiyoyozi, kisha rejeta ya kupozea maji ya betri na mota. Nenda ukasimame karibu na gari linalochajiwa kwa chaja yenye nguvu: litakuwa limetulia tuli, lakini utasikia feni ikivuma kwa sababu betri inapopokea umeme mwingi kwa muda mfupi hupata joto.

Tena pua tupu si jambo geni. Volkswagen Beetle, gari ambalo zaidi ya milioni 21 ziliundwa, halikuwa na grili mbele kwa sababu injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na injini mbele, lakini iliivuta hewa kutoka chini ya bampa, ikabaki na pua laini ambayo watu hadi leo huisifu. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba Beetle haina uso.

Nina angalizo moja la kifundi, kwa sababu linahusu mfuko wako. Katika magari mengi ya sasa, ile paneli iliyochukua nafasi ya grili ndiyo inayofunika rada, kifaa kinachotambua vitu vilivyo mbele ya gari. Mteja mmoja aliwahi kuniletea gari ambalo taa ya onyo haikutaka kuzimika, na mfumo wa kufunga breki wenyewe ulikuwa umejizima. Kwa macho paneli ilikuwa safi. Nilipoigonga kwa kidole, upande mmoja ulitoa sauti nyembamba ya plastiki na upande mwingine sauti nzito, nikajua kuna puti ndani. Mtu aliyeirekebisha kabla yangu aliujaza ufa, akapaka rangi ya metali matabaka kadhaa, rada ikawa imefumbwa macho. Ilibidi paneli nzima ibadilishwe na rada ipimwe upya. Kwa hiyo kabla hujaamua kuhusu uzuri, uliza bei ya paneli hiyo na uliza kilichomo nyuma yake.

Kalamu_na_Karatasi alijibu:

Fundi amekwisha kutueleza yaliyo nyuma ya bati, nami nitabaki kwenye bati lenyewe, kwa kuwa nimesomea usanifu na jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu.

Magari mengi ya namna hii huukera moyo kwa sababu grili imeondolewa na mahali pake pakaachwa vilevile. Mwili wa gari la petroli huchorwa kuizunguka injini: boneti huwa juu kwa sababu kuna chuma kikubwa chini yake, na pua husimama wima kwa sababu rejeta iliyo nyuma yake imesimama wima. Ukiliziba tundu na kuiacha pua ileile, unabaki na ukuta. Hapo ndipo inapotoka hisia ya mke wako, na naona alisema kweli tupu: uso mzima bado umepangwa kuuzunguka mdomo, macho juu, kidevu chini, na katikati pana uwanja usio na kazi. Binadamu tuna tabia ya kuona nyuso kila mahali, hata kwenye mawingu, na uso unaokosa kiungo kinachotarajiwa hutushtua kuliko kitu ambacho hakikuwa uso tangu mwanzo.

Itazame Tesla Model S. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2012 ilikuwa na umbo jeusi la mviringo linalong'aa mbele, lenye sura ya grili, lakini limezibwa. Mwaka 2016 umbo hilo likaondolewa na bampa likachorwa upya, na mwaka uliofuata ikaja Model 3, ambayo haikuwa na grili wala alama ya mahali ambapo grili ingekaa. Wengi waliilalamikia. Mimi naiona imefaulu kuliko ile ya 2012, kwa sababu pua yake iko chini na boneti yake inateremka, kwa hiyo jicho halisimami katikati kutafuta kitu. Linateleza hadi kwenye taa.

Taa ndizo zilizobeba mzigo wote sasa. Hyundai Ioniq 5 ya mwaka 2021 imelijua hilo vizuri sana: taa zake zimeundwa kwa vimraba vidogo, na vimraba hivyo hivyo vimerudiwa nyuma, hivi kwamba unalitambua gari usiku kabla hujaiona nembo. Honda e iliziweka taa zake mbili za mviringo ndani ya paneli moja nyeusi, na matokeo yake ni uso mpole unaokutazama. Katika yote mawili mchoraji hakuziba tundu la mtu mwingine. Alianza na karatasi nyeupe.

Gari ninalolitetea mara kwa mara, na mara kwa mara hushindwa, ni Nissan Leaf ya kwanza, ile ya mwaka 2010. Watu waliicheka kwa macho yake yaliyotokeza, lakini mahali pa grili paliwekwa kifuniko, na chini ya kifuniko hicho kuna soketi ya kuchajia. Huo kwangu ni mdomo wa kweli, kwa sababu ni mahali gari linapolishwa. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2017, kilirudisha umbo la V linalofanana na grili za magari mengine ya kampuni hiyo, na ndani yake kuna paneli yenye nakshi za buluu. Ni gari zuri zaidi kwa macho ya wengi, nami nakubali, lakini naona ujasiri fulani ulipotea pale.

Bwana Msafiri, ukienda tena kutazama, usisimame mbele kabisa ya gari. Sogea pembeni, hatua kumi hivi, pale unapoona taa moja na ubavu kwa pamoja, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyoliona gari lako siku nyingi za maisha yako nalo. Na angalia rangi. Paneli nyeusi kwenye gari jeupe hujitokeza kama barakoa, ilhali kwenye gari la rangi ya giza humezwa na mwili na pua yote huwa kitu kimoja. Nimewahi kubadili kabisa maoni yangu kuhusu gari moja kwa sababu tu nililiona kwa rangi nyingine.

Mzee_wa_Nembo alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini na nimejifunza, lakini naona kuna upande ambao haujapata wakili.

Mwaka 1901, Mercedes ya nguvu za farasi 35 ilitoka na rejeta ya sega la nyuki iliyobuniwa na Wilhelm Maybach, yenye mirija midogo zaidi ya 8,000, na rejeta hiyo ilisimama mbele wazi kabisa. Hakuna aliyeiweka kama pambo. Uso wa gari ulizaliwa kutokana na kazi, kisha ukawa alama ya ukoo, kama vile pua ya babu inavyoonekana kwa wajukuu. BMW imekuwa na zile figo mbili, yaani grili mbili zenye umbo la figo, tangu BMW 303 ya mwaka 1933. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja ya nembo hulitambua gari hilo kwa figo zake. Mkisema ziondolewe kwa sababu mota haihitaji hewa nyingi, mnaomba ukoo mzima usahau sura yake.

Huenda mtasema kwamba grili iliyozibwa ni uongo. Saa ya ukutani inayotumia betri ina mishale ileile ya saa ya kukaza kwa mkono, na hakuna anayeiita ya uongo, kwa sababu macho yetu yamejifunza kusoma saa kwa mishale. Tena grili iliyozibwa inaweza kupewa kazi mpya. Katika BMW iX, ambayo ni gari la umeme, figo zimeficha kamera, rada na vihisi vingine, na zimepakwa tabaka la plastiki ambalo mikwaruzo midogo hujiponya ndani yake, kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba au kwa dakika 5 za hewa ya moto. Jaguar I-Pace ya mwaka 2018, nayo ya umeme, ilibakisha grili inayopitisha hewa kweli: hewa huingia mbele na kutokea kwenye tundu lililo juu ya boneti, na hiyo husaidia upepo kupita vizuri juu ya gari. Na Rolls-Royce Spectre, gari la umeme, ina grili pana kuliko zote zilizowahi kuwekwa na kampuni hiyo, inawaka taa usiku, na bado kigezo chake cha ukinzani wa hewa, ambacho kikiwa kidogo ndivyo gari linavyopasua upepo kwa urahisi, ni 0.25. Msiniambie basi kwamba upepo ndio uliowalazimisha wachoraji kufuta kila kitu.

Kinachoniuma ni kufanana. Jioni moja nilikuwa barabarani na magari matatu yakanipita, moja baada ya jingine. Kila moja nililiona kwanza kwenye kioo cha kati: mstari mmoja wa taa kutoka upande hadi upande, na chini ya mstari huo giza. Nimependa magari tangu utotoni, na nilijivunia kuyataja kwa majina hata yakiwa mbali, lakini jioni hiyo sikuweza kulitaja hata moja mpaka liliponipita na nikasoma maandishi yaliyo nyuma. Bwana Kalamu anasema taa zimebeba mzigo. Nakubali kwamba Ioniq 5 imefaulu, lakini kwa kila moja iliyofaulu naona nyingi zilizoazima mstari uleule.

Mama_Watatu alijibu:

Naomba niongeze neno fupi kuhusu jambo ambalo hamjaligusa. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama barabarani, ilitoa matokeo kwamba magari yenye boneti inayozidi inchi 40, yaani takriban sentimita 102 kutoka ardhini, yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, kuliko yale yenye boneti fupi isiyozidi inchi 30 na pua inayoteremka. Mwanangu wa mwisho hafiki sentimita 102. Kama hakuna injini kubwa mbele na hakuna rejeta ndefu ya kusimamishwa wima, basi hakuna sababu ya kuniuzia ukuta. Pua iliyolala ni nzuri machoni pangu kwa sababu najua inamaanisha nini kwa mtoto anayevuka barabara, na ninasikitika kuona kwamba magari makubwa mengi ya umeme yamebaki na kimo kilekile cha boneti, grili ikiwepo au isiwepo.

Kalamu_na_Karatasi alijibu:

Mama Watatu, ahsante sana; hilo lilipaswa kuwa jibu la kwanza kabisa.

Mzee wangu, hoja ya saa ni nzito na nimeitafakari kabla ya kuandika. Tofauti ninayoiona ni kwamba mishale ya saa bado inasomwa: inaniambia ni saa ngapi. Figo za iX zinanipa kitu cha kusoma pia, kwamba hapa kuna kamera na hapa kuna ukoo fulani, kwa hiyo hizo nakuachia. Lakini ile plastiki ya sega la nyuki ambayo Bwana Msafiri aliingiza ukucha wake haikuwa figo za mtu yeyote, wala haikuhifadhi ukoo. Iliazima tu sura ya tundu. Hapo sitarudi nyuma.

Kuhusu kufanana, umenishinda. Mercedes EQS ya mwaka 2021 ilichorwa kama upinde mmoja kutoka mbele hadi nyuma, ikafikia kigezo cha 0.20, na mbele ikawekewa paneli nyeusi. Katika maboresho yaliyotangazwa mwaka 2024, paneli hiyo ikapewa mistari inayong'aa kama ya grili ya zamani, na nyota ikasimamishwa juu ya boneti. Ninaona ndani yake ushahidi wa unachokisema, kwamba wanunuzi waliukosa ule uso wa ukoo. Inaniumiza kidogo kama mchoraji, lakini siwezi kuukataa.

Msafiri_Mwangalifu alijibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Jana tulirudi kule na nilifanya kama mlivyoelekeza. Lile lenye sega la plastiki tuliliacha. Nilijaribu kulitazama kwa macho ya Mzee, lakini kila nilipolitazama ukucha wangu ulikumbuka.

Lile lenye pua tupu tulilitazama tukiwa pembeni, kisha tukaomba kuoneshwa la rangi ya samawati iliyokolea. Mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu kwenye lile jeupe taa zilikuwa zimezungukwa na vipande vyeusi vilivyokatika ghafla, na kwenye hili vilipotea kabisa. Nilipima kimo cha boneti kwa kiganja, nikapata chini kidogo ya kiuno changu. Kisha nikachuchumaa. Mwanya ulikuwepo, mrefu, na vibao vitano vilivyofungwa ndani yake. Nilimwita mke wangu, naye akainama akatazama, akasema, "Kumbe mdomo upo, umekaa chini tu." Tumekubaliana kulichukua hilo la samawati.

Nina swali moja la mwisho kwa Fundi. Pua hii yote ni rangi tupu, hakuna grili ya kupokea mawe yanayorushwa na magari ya mbele. Je, nikiibandika ile plastiki angavu ya kukinga rangi, rada haitafumbwa macho kama ile ya mteja wako?

Fundi_Bodi alijibu:

Plastiki nyembamba isiyo na chembe za metali kwa kawaida haiizuii rada. Hata hivyo, soma kwanza kitabu cha gari, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hukataza kubandika chochote juu ya eneo la rada. Likitajwa eneo hilo, mwambie anayebandika alikate kwa mzunguko safi na aliache wazi, kisha sehemu iliyobaki aibandike yote hadi kwenye ukingo wa boneti, maana mawe mengi hupiga pale. Na ifanyike kabla gari halijaingia barabara kuu, wakati rangi bado haina hata alama moja.